Mwanangu, Toka Nje Kungali na Mwanga

Bwana Yesu asifiwe, mwanangu Eliamani. Marahaba kwa salamu zako. Sisi hatujambo, isipokuwa baba yako na kikohozi chake, na dawa anaisahau makusudi.

Nimeona niandike kwa sababu kwenye simu nikianza tu kusema, unaniambia mtandao unakata. Dada yako amenieleza. Siku zako za mapumziko huko Leipzig, Ujerumani, unalala mpaka saa saba mchana, unakula mkate, na jua linazama hujavaa viatu. Halafu unasema unasubiri Machi, baridi ipungue. Machi iko mbali, mwanangu, na hiyo miezi ya katikati nayo inahesabiwa kwenye umri wako.

Leipzig mwezi huu wa Desemba jua linachomoza saa mbili asubuhi na kuzama saa kumi jioni. Ukiamka saa saba, umebakiwa na saa tatu za mwanga, na hizo unazimalizia kitandani na simu. Siku ya mapumziko amka mapema, kunywa chai, saa tatu uwe nje hata kukiwa na mawingu. Kuhusu vitamini D muulize daktari akupime, maana jua la majira hayo huko halitoshi, na kwa ngozi yetu ndiyo kabisa. Wewe unasomea uuguzi. Wazee wa watu unawahimiza watembee. Wewe nani akuhimize?

Nilipokuja na wajumbe wa usharika ilikuwa Majilio, zile wiki za kabla ya Krismasi, baridi yenyewe niliionja. Inavumilika ukivaa vizuri: nguo nyepesi mbili tatu ndani, sweta ya sufu juu yake, kofia ifunike masikio, viatu vya soli nene. Lile koti nililokununulia mitumbani, soko la Memorial pale Moshi, najua halizuii upepo, nilitazama rangi. Usilivae kwa kunionea huruma. Nunua jingine.

Halafu toka. Soko lao la Krismasi lina historia ya tangu 1458, na watu wanasafiri kutoka mbali kuja kuliona. Wewe unalifikia kwa tramu. Nenda jioni, hapo giza ndilo linalopendezesha taa. Nunua lozi zilizokaangwa na sukari, na kile kinywaji cha moto cha watoto, Kinderpunsch, kisicho na kileo. Ukipita mitaani inua macho uone nyota za karatasi zinazowaka madirishani. Lakini fanya haraka, soko linafungwa kabla ya mkesha.

Na kanisa la Thomaskirche umeshaingia? Dada yako anasema bado, na hilo limeniuma. Kwaya ya wavulana ya pale ipo tangu 1212. Bach, yule mtunzi mkubwa wa muziki, aliiongoza kuanzia 1723 mpaka alipofariki 1750, na kaburi lake limo humo humo kanisani. Wanaimba Ijumaa jioni na Jumamosi alasiri, kiingilio ni kidogo. Mimi nimeimba kwaya tangu usichana wangu, na sauti kama zile nilikuwa sijawahi kuzisikia.

Ni mji huo huo uliotuma wamisionari waliofika kwetu Kilimanjaro, pale Machame, 1893, ndiyo maana sisi ni Walutheri. Hans Meyer naye, yule aliyefika Kibo, kilele cha Mlima Kilimanjaro, 1889, aliishi hapo na akafia hapo. Jiwe la kileleni alilibeba mpaka Ujerumani. Walikuja kwetu wakatazama kila kitu, mpaka mawe wakaondoka nayo; wewe unaona haya kuutazama mtaa wao?

Siku baridi ikikuzidi kabisa, nenda bustani ya wanyama. Kuna jengo lao linaitwa Gondwanaland, lilifunguliwa 2011, ndani yake ni msitu wa nchi za joto mwaka mzima. Vua koti, kaa chini ya miti. Tiketi si rahisi, lakini nenda.

Najua linalokusumbua hasa ni Krismasi. Mabasi ya kutoka Dar yameanza kujaa, ndugu zako wote wanapanda kuja nyumbani, na mtori wa ndizi nitaupika. Sitakudanganya kwamba hatutakukumbuka. Ila nakuomba, usiile Krismasi peke yako chumbani. Maduka huko yanafungwa tarehe 24 mchana, na 25 na 26 hayafunguliwi, kwa hiyo nunua chakula mapema. Ukialikwa, usikatae kwa aibu. Usipoalikwa, alika wewe wenzako wa chuo, wapikie pilau. Kanisani uende mkesha.

Baba yako kila anayekuja kununua maziwa anamwonyesha cheti chako cha Kijerumani kwenye simu. Hakuambii, lakini ndivyo anavyofanya. Mtoto aliyejifunza lugha ile ngumu akafaulu asishindwe na mlango wa chumba chake.

Ng'ombe amezaa, dume. Hela uliyotuma tumelipa ada ya mdogo wako, iliyobaki nimeiweka. Ya Januari usitume, nunua koti na viatu. Jumapili nipigie mchana ukiwa nje, nione watu wanapita nyuma yako.

Na ufunguo wa kabati lako umeuweka wapi? Shangazi anakuja tarehe 22, atalala chumbani kwako, na mashuka mazuri yamo humo.

Mama yako