Oili chafu si dawa ya bampa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu wa Morogoro aliyetushauri katika ukurasa huu tupake oili chafu, ile iliyokwishatumika kwenye injini, kwenye bampa nyeusi zilizopauka. Simjui wala sina ugomvi naye, ila dawa hiyo ilishanigharimu kanzu.

Nina Probox ya mwaka 2006, zile ambazo bampa, vioo vya pembeni na vishikio vya milango ni plastiki tupu isiyopigwa rangi. Inalala nje hapa Ngamiani, na jua la Tanga mnalijua. Ilianza kupauka juu ya bampa ya mbele, pale jua linapopiga wima, mpaka ikawa ya kijivu kama kisigino kisichojua mafuta.

Ijumaa moja mwaka jana nilikuwa nakwenda kwenye ndoa ya mjukuu wangu, nikapitisha gari lioshwe. Kijana, bila hata kuniuliza, akachovya tambara kwenye kopo la oili chafu akapaka kila penye weusi. Gari likang'aa, nami kwa ujinga wangu nikamwongezea buku. Tulipofika msikitini nikafungua mlango wa nyuma nitoe kasha la halua, kanzu ikagusa bampa. Doa likakaa pajani, jeusi, kubwa kama kiganja. Kwenye picha zote za siku ile nimeshika koti mbele kama mtu aliyeiba kuku.

Haikuishia hapo. Vumbi liliganda kwenye ile oili, mvua ya kwanza ikaiteremsha, nikabaki na michirizi ya kahawia chini ya kila kishikio, kwenye rangi nyeupe ya mlango. Bampa yenyewe ilirudia ukijivu wake kabla ya wiki mbili. Na oili hiyo imeshabeba masizi na ungaunga wa chuma wa injini. Si kitu cha kushika kwa mkono mtupu, na mipira ya vioo ikiigusa mara kwa mara huvimba.

Msomaji wa Morogoro ajaribu jambo moja: amwagie maji bampa iliyopauka. Itakuwa nyeusi kama mpya. Ikikauka, ukijivu unarudi. Weusi wa plastiki hii umechanganywa humohumo ndani kiwandani, haujatoka. Kinachoharibika ni ngozi ya juu: jua huikatakata, ikawa na nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho, na mwanga ukitawanyikia humo sisi tunaona weupe. Maji yanajaza nyufa, weusi unaonekana. Oili chafu, dawa ya kung'arishia tairi, mafuta ya nazi, vyote vinafanya kazi ya yale maji, tofauti ni kwamba vinachelewa kukauka.

Nimejaribu na moto pia. Kuna blowa ambayo mafundi wa bampa hulainishia plastiki. Ukiipitisha haraka, weusi unarudi mbele ya macho yako, utadhani mazingaombwe. Nikanogewa. Karibu na pleti namba nikakawia kidogo tu, vile vichembe vya plastiki vikalala, pakawa laini kama kioo. Alama hiyo, sawa na sarafu ya 500, nitaizeeka nayo. Na hata kule nilikopatia, ukijivu ulirudi baada ya miezi michache. Rangi ya kopo ya kupuliza sikuithubutu: plastiki ya aina hii haishiki rangi bila praima yake maalumu, yaani rangi ya chini ya kuishikisha, hubanduka kama ganda la kitunguu.

Kilichonisaidia kinachosha, lakini si cha ajabu. Nilisugua kwa sabuni ya vyombo na brashi ya kufulia, nikirudiarudia, maana siku ya kwanza ilitoka oili ya yule kijana tu. Nikasuuza hadi maji yakatoka meupe, nikaacha gari kivulini mpaka jioni, kisha nikapangusa kwa spiriti. Pembeni nikabandika tepu na kurasa za gazeti lako, Mhariri, uniwie radhi (zilikuwa za michezo). Mwanangu alikuwa ameniletea kutoka Dar kichupa cha dawa ya plastiki yenye rangi ndani, ile inayokauka kabisa. Nikapaka kwa kipande cha sponji, kidogokidogo, nikarudia mara ya pili, na gari halikuguswa na maji hadi kesho yake. Nilipaka kabla ya masika. Masika imepita, na weusi bado upo.

Vijana wa kuosha magari nawaomba kitu kidogo: ulizeni kabla ya kupaka. Wengine tuna safari za kanzu. Nanyi mnaokwenda yadi kununua gari la mkononi, nendeni na leso nyeupe, msugue bampa. Leso ikitoka nyeusi, jueni mmepakiwa mafuta asubuhi hiyohiyo, na muulize ni nini kingine kilichopakwa.

Mwenzangu wa Morogoro naye afanye hivyohivyo kwenye gari lake, kisha atuandikie baada ya mvua ya kwanza.

Dereva mstaafu,
Ngamiani, Tanga