Kuyeyuka Ndiyo Kazi ya Barafu

Wateja wanaonunua barafu kiwandani kwetu kwa ajili ya samaki wao hutulalamikia mara kwa mara kwamba barafu waliyoinunua alfajiri imekwisha kabla ya adhuhuri, hivyo huenda ilikuwa hafifu. Lalamiko hilo tumeona tulijibu kwa hesabu.

Kilo moja ya barafu ya nyuzi 0 inapogeuka maji hufyonza joto la takriban kilojuli 334, na muda wote huo haipandi hata nyuzi moja. Joto hilohilo lingeyapasha maji yake kutoka nyuzi 0 hadi karibu nyuzi 80, yaani maji ya kunyonyolea kuku. Wapo wanaochagua bonge linalonata vidoleni wakiamini lina nguvu zaidi. Kweli ni baridi zaidi, lakini bonge la nyuzi 10 chini ya sifuri huongeza kilojuli 20 tu kwa kila kilo, kiasi kisichofika hata sehemu ya kumi ya zile 334.

Kilo 10 za changu waliotoka majini wakiwa na nyuzi 30 huhitaji zaidi kidogo ya kilo 3 za barafu ili wafikie nyuzi 0. Barafu inayobaki hupambana na joto la nje, linaloingia kupitia kuta za sanduku na kila mfuniko unapofunguliwa, ndiyo maana kwa safari ya kutwa tunashauri kilo ya barafu kwa kilo ya samaki.

Juzi mteja mmoja alifungua sanduku lake mbele yetu: bonge zima lilikaa juu, samaki wa safu ya kwanza walikuwa wakavu na wagumu, ilhali wa chini walibonyea kwa kidole. Bonge hugusa samaki wachache. Barafu iliyopondwa, ikitandazwa chini kwanza kisha safu kwa safu, humgusa kila samaki, na maji yake baridi hupenya mianyani. Acha tu tundu la chini wazi ili maji yenye damu yatoke.

Chumvi waachieni watengenezaji wa aiskrimu. Huilazimisha barafu iyeyuke kwa kujinyang'anya joto lake yenyewe, hata mchanganyiko ukashuka hadi karibu nyuzi 21 chini ya sifuri, na hapo samaki wenu wataganda nje wakati nyama ya ndani bado ina joto.

Mashine ya kuponda ipo kiwandani kwetu, na kupondewa hakuongezi bei.