Barua kwako unayeuliza kila mtu isipokuwa mimi

Mdogo wangu,

Nimesikia unataka kurudi kwenye gemu, na nimesikia kwa watu. Wa kwanza alidhani nina habari, akaniuliza kama ni mimi niliyekushauri uachane na kompyuta uchukue konsoli, ile mashine ya gemu ya kuchomeka kwenye TV. Wa pili akanionyesha ujumbe wako kwenye simu yake: "Wakuu, naombeni ushauri wa mashine ya gemu, isiyo na matatizo." Nikausoma, nikaurudia. Maneno yale matatu ya mwisho wenzio wameyapita tu. Mimi yalinikaa kooni.

Umeuliza mbele za watu, nami nakujibu mbele za watu. Simu zangu hupokei, kwa hiyo usije ukasema ningekupigia.

Nimepitia majibu uliyopewa. Mmoja kasema PS5, mwingine Xbox Series S, wa tatu Steam Deck, ile ya kushika mkononi, wa nne kakutajia kadi ya grafiki, kile kifaa cha kompyuta kinachochora picha za gemu, ambayo ukiiweka nyumbani kwako itakuwa pambo. Kila mmoja ana ukweli wake. Ila hakuna hata mmoja aliyekuuliza unacheza nini, unacheza saa ngapi na unacheza na nani. Wanakuchagulia wanachokitaka wao. Ugonjwa huo naujua, nimeuugua.

Mimi sina haja ya kukuuliza. Unacheza usiku nyumba ikishalala. Unapata dakika 40, ukibahatika saa nzima. Unapenda mpira, na unapenda gemu ambayo ukiiacha leo ukairudia Jumapili hujasahau ulikuwa unaelekea wapi. Hupendi maandishi marefu, na hupendi kufa mara 50 mahali pamoja. Hilo la mwisho nilichelewa kulikubali.

Nilikupa Sekiro, gemu ya upanga. Ukafika kwa adui mkubwa, Genichiro, juu kabisa ya ngome ya Ashina, ukampiga, akainuka. Ukampiga tena, akavua mavazi yake ya vita akaanza kurusha radi. Uliniandikia usiku huo: "Kaka, nimechoka." Nikakujibu neno moja: "Vumilia." Gemu yenyewe haina sehemu ya kupunguza ugumu, na mimi niliona fahari kwamba haina. Sikukosea kuhusu gemu. Ilitoka Machi 2019, na mwaka huohuo ikachukua tuzo ya gemu bora ya mwaka kwenye The Game Awards. Mpaka leo sijashika upanga mtamu kama ule kwenye skrini. Nilichokosea ni kumpa mtu mwenye dakika 40 kitu kinachotaka wiki nzima. Hilo nalikubali, tena nalikubali hapa watu wakisoma.

Ningekuwa nachagua kwa ajili yako, ningeanza na Hades, ya 2020. Safari moja hadi mwisho ni kama nusu saa, ukifa unarudi nyumbani, hadithi inasogea palepale kwenye kufa kwako. Ukiwasha God Mode, hali ya kusaidiwa, unapewa kinga ya asilimia 20 dhidi ya mapigo, na kila ukifa inaongezeka asilimia 2 mpaka ifike 80. Yaani ukishindwa, gemu inakusogezea mkono. Usione aibu kuiwasha. Zamani ningekucheka, sasa hivi nitamgombeza atakayekucheka.

Halafu Stardew Valley. Aliitengeneza mtu mmoja, Eric Barone, programu yeye, michoro yeye, muziki yeye, miaka zaidi ya minne, ikatoka 2016. Siku moja ya humo ni takriban dakika 14 za kwetu, na gemu inajihifadhi ukienda kulala. Kwa hiyo unalima siku mbili, unamlaza mtu wako wa kwenye skrini, nawe unalala. Nimeikumbuka mara nyingi kila nikifikiri maisha yako yalivyo sasa. Mpira unaujua mwenyewe, sikufundishi. Ila eFootball, ile tuliyokuwa tukiiita PES, tangu 2021 unaipakua bure, kwa hiyo usimlipe mtu kwa kuipata.

Na It Takes Two, ya 2021, cheza na shemeji. Haichezeki na mtu mmoja, imetengenezwa hivyo makusudi: mke na mume waliotaka kuachana wanageuzwa wanasesere, na hakuna mlango unaofunguka mpaka wote wawili wafanye kazi. Mmoja akiinunua, mwenzake anaweza kujiunga kwa mbali bila kuinunua. Niliwahi kufikiri nikuombe tuicheze mimi na wewe, kila mtu kwake. Nikaandika ujumbe, nikaufuta.

Sasa mashine. Series S ni nzuri, ndogo, haina kelele, lakini haina mahali pa kuingiza diski. Kila kitu unapakua, na ile ya mwanzo ina GB 512 wakati gemu moja kubwa inaweza kula zaidi ya 100. Wewe ni mtu wa kubadilishana diski na wenzako. Humo utakuwa peke yako. PS5 yenye sehemu ya diski inakufaa zaidi, na diski za PS4 ulizonazo karibu zote zitacheza. Ukiichukua, ingia kwenye mipangilio ya TV uwashe hali ya gemu, la sivyo picha inachelewa, unabonyeza pasi sasa, mchezaji anaitoa baadaye, halafu unailaumu pedi. Kuhusu pedi nayo, tafuta zenye vijiti vya sumaku, zile wanazoziita Hall effect. Vijiti vya kawaida vina vipande vinavyosuguana ndani, vikilika mchezaji anaanza kutembea mwenyewe. Vya sumaku havigusani.

Kama ungekuwa huna kitu kabisa, ningekuambia Steam Deck, ile iliyotoka 2022, na nisingesitasita. Unacheza umejilaza, unabonyeza kitufe inalala, kesho unabonyeza inaendelea palepale mpira ulipokuwa hewani. Kwa maisha yako hakuna kinachoishinda.

Lakini huna kitu, wewe? Hapo ndipo tunapofika kwenye ile siku.

Nimejaribu kuiandika barua hii bila kuigusa siku hiyo, nimeshindwa. Ulikuja umeikumbatia ile kompyuta, waya wa umeme unaburuta nyuma yako. Harufu ya kuungua iliingia kabla yako. Hukukaa. Uliilaza juu ya meza yangu, ukatoa bisibisi mfukoni, kumbe ulikuja nayo, ukaanza kufungua kioo cha ubavuni. Mimi nilifurahi! Nilidhani tunaitengeneza. Nikaenda ndani kuchukua tochi. Niliporudi ulikuwa umeshachomoa SSD, ile nyembamba inayohifadhi gemu na mafaili yako, umeishika kwa vidole viwili, unaifuta kwa pindo la shati. Skrubu yake ikakuponyoka, ikadondoka sakafuni, nikaisikia ikibingirika. Hukuinama. Ukaitia SSD kwenye mfuko wa shati, ukanitazama, ukasema: "Tangu zamani mimi ni wa pedi ya pili." Ukaondoka. Mimi nimesimama na tochi inawaka mchana.

Pedi ya pili. Ile ya selotepu.

Miaka yote hii umebeba jambo la pedi? Ulikuwa mdogo, ulikuwa unavuta waya, ulishaiangusha PS2 mara mbili ikiwa na diski inazunguka. Nisingekupa ile nzima. Lakini nani alikushikisha pedi mara ya kwanza? Nani alifuta mchezo wake wa San Andreas kwenye memori kadi, kadi yenyewe MB 8 tu, ili wako upate nafasi? Hilo halikuingia kwenye hesabu zako. Na kila nikiwaza hivyo, najiona nikiwa nimekaa mbele ya TV na pedi nzima mkononi, wewe pembeni unabonyeza kwa nguvu kitufe kisichoitika, mimi nafunga bao, nashangilia. Sijui kwa nini sikuwahi kusema tubadilishane, hata mechi moja.

Sasa nije kwenye chanzo cha ile harufu ya kuungua, pawa saplai, kile kifaa kinachoigawia kompyuta umeme, maana nataka haki itendeke pande zote mbili. Lile kasha la feni za rangi ulilipenda wewe. Pawa saplai ilikuwa imo ndani tayari, nikakuambia hiyo ya ndani siiamini. Ukasema hela imeisha. Ilikuwa imeisha kweli, maana yote ilienda kwenye kadi ya grafiki, na kadi ile nani aliichagua? Mimi. RTX 3060 yenye GB 12, nilikusisitizia uikamate hiyohiyo na si nyingine. Basi nikasema, "Anza nayo, tutabadilisha." Unakumbuka nilisema tutabadilisha. Lakini miezi mitano ilipita, ukawa unaniambia gemu zinakwenda vizuri, picha 60 kwa sekunde bila kutetereka, nami nikawa nachekelea. Sikukumbusha hata siku moja.

Asubuhi baada ya wewe kuondoka niliifungua ile pawa saplai nikaigeuza. Ubavuni, kwa nambari kubwa: 500W. Chini yake kuna jedwali dogo ambalo watu hawalisomi, na hapo ndipo ukweli huandikwa. Laini ya volti 12, ambayo ndiyo inayolisha kadi na prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ilikuwa inatoa ampea 18. Zidisha: 12 mara 18 ni 216. Wati 216, si 500. Kadi yako peke yake ni 170. Prosesa yako, Ryzen 5 3600, imeandikwa 65, na ikibanwa inavuka hapo. Hiyo ni 235 kabla hujahesabu feni hata moja. Tena kadi haili umeme kwa utulivu, kwa kufumba na kufumbua inaruka juu ya kiwango chake ikashuka. Ile saplai ilikuwa inabebeshwa mzigo usio wake kila usiku kwa miezi mitano.

Sikuigeuza siku ile tulipokuwa tunafunga mashine. Ingenichukua muda gani? Nilikuwa na bisibisi mkononi, nina haraka ya kuona kadi inawaka. Ningeigeuza ningeliona jedwali, na ningeliona nisingekuruhusu uiwashe, hela iwepo isiwepo.

Kwa hiyo mtu akikuambia uanze na kadi ya grafiki, mkatalie. Pawa saplai kwanza. Iliyo nzuri inakuja na dhamana ya miaka 7 hadi 10, utabadilisha kadi mara mbili nayo bado iko palepale. Wala usidanganywe na stika ya 80 Plus peke yake. Ile inasema umeme mwingi haupotei kuwa joto, haisemi kwamba siku mambo yakiharibika itajizima yenyewe. Ile ya kwako haikujizima.

Watakaokuambia ukusanye mashine mpya watakuambia pia utafute RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ya GB 16. Sawa, lakini iwe vipande viwili vya 8, usikubali kimoja cha 16, prosesa inasoma haraka zaidi vikiwa viwili. Wewe unavyo viwili tayari.

Ndiyo. Unavyo. Na hili ndilo nililokuwa nalizunguka tangu juu.

Nilikagua kila kitu, kimoja kimoja, kwenye mashine yangu. Mazabodi, ile bodi kuu inayobeba vyote, imekufa. Prosesa nzima. RAM zote mbili nzima. Kadi, nilipoichomeka, nilisubiri skrini huku nimeshika meza. Ikawaka. Nikaicheza saa tatu mfululizo nikitazama joto lake, haikukohoa. Kadi yako ni nzima, mdogo wangu. Imekuwa nzima miaka miwili, na wewe miaka miwili unaamini iliungua.

Utauliza kwa nini sikukuambia. Kwanza ulikuwa hupokei simu. Lakini ningeweza kuandika, ningeweza kuja, ningeweza kumpa mama akuletee. Nilikuwa nangoja uniulize. Nilitaka uulize hata mara moja, "Kaka, ilikuwaje?" Nilitaka uje unidai. Na wewe hukudai, kwa sababu nadhani ulishazoea kupewa kilichobaki.

Usinunue kadi. Usinunue konsoli pia, labda moyo wako uwe umeitaka konsoli kweli, hapo nitakaa kimya. Kinachokosekana ni mazabodi ya soketi AM4, aina ya tundu linaloingia prosesa yako, na hizo bado zinatengenezwa. SSD unayo. Pawa saplai nimeshakununulia, ni ya wati 550, kiwango wanachoshauri watengenezaji wa kadi hiyo, na sijaifungua. Jedwali liko ubavuni: volti 12, ampea 45. Zidisha mwenyewe kabla hujaniamini.

Viko vyote kwenye boksi la kadi, chini ya meza ileile. Skrubu ya SSD niliiokota chini ya kabati. Nimeibandika kwa selotepu kwenye kifuniko, upande wa ndani, ili ukifungua uione kwanza.