Bastola ya fataki: kabla hujanambia nimekuuzia toi

Juzi kaja nahodha mmoja wa boti za watalii kutoka Nungwi, kanuna, hata salamu kaitoa nusu, kaiweka bastola ya fataki, ile ya kurushia mwanga wa kuombea msaada baharini, juu ya meza yangu hapa Malindi ya Unguja akanambia "yakhe, umenipa toi la watoto". Injini imemzimikia nje ya Mnemba, magharibi inaingia, kafyatua mara mbili, tak, tak, hakuna kitu. Bahati yake ngalawa ilipita.

Nikauvunja mtutu mbele yake. Pini inapiga, springi inarudi, kutu hamna. Haya, nipe hizo risasi ulizotumia. Katoa kikopo cha maziwa ya unga, ndani zimo mbili, kile kitako cha shaba kishafanya ukijani na tarehe imepita miaka minne. Na wala hazikuwa zangu! Kapewa bure na rafiki yake aliyefunga biashara ya kupeleka watalii kupiga mbizi.

Ndo maana naandika, maana huyu ni wa tatu tokea kaskazi ianze na kila siku lawama inamwangukia bastola na mie niliyeiuza.

Kwanza hilo la "toi". Watu wakiona plastiki wanacheka. Plastiki sio ila, Glock ya Austria fremu yake plastiki na jeshi la kwao limeichukua tokea 1982, na kwetu sisi watu wa maji ya chumvi plastiki ndo rehema, ya chuma ukiisahau msimu mmoja chini ya tanga unaikuta imeganda. Lakini Glock mtutu wake chuma, na inajitilia risasi yenyewe. Hii yetu mpaka mtutu ni plastiki, inakwenda moja moja, unavunja, unatia, unafunga, unavuta nyundo nyuma kwa kidole gumba ndo unabana triga. Kuna kijana kaniuliza magazini yake iko wapi, anataka pa pa pa kama sinema. Hamna.

Na kwa sababu mtutu ni plastiki, wallahi usitie risasi ya shotigani. Najua inaingia, kipenyo ni kile kile geji 12, na najua kuna mtu atakwambia mjomba wake alijaribu. Inapasuka mkononi. Vile vile fataki ya milimita 25, iliyo nene zaidi, usiichonge ichonge ili ikae kwenye geji 12, wala ya geji 12 usiizungushie tepu ili ikae kwenye bastola ya milimita 25, niliwahi kuletewa moja ya hivyo kutoka Mkoani nikawa naogopa hata kuishika.

Sasa bei. Mnasema mie ghali. Fataki hizi zinahesabiwa mzigo wa hatari, ndege ya abiria hazipandi, zinakuja kwa meli na makaratasi yake, na za geji 12 nyingi umri wake ni miezi 42 tokea zitengenezwe, kwa hivyo kila mwezi zinaokaa njiani umeliwa. Mie nauliza tarehe kabla sijalipa, na boksi lililobakisha mwaka silichukui hata wanipunguzie nusu. Yule anayekuuzia rahisi muulize tarehe tu, usimuulize jengine.

Jengine la kweli ambalo wauzaji hawalisemi: risasi ya bastola ndogo inawaka sekunde sita saba hivi, imekwisha. Mtu wa boti ya pili akiwa anachungulia simu yake hakuona kitu. Kwa hivyo usipige ovyo kwa kihoro, ngoja uone taa au usikie injini, piga ya kwanza, na ya pili mara tu baada yake ili aliyeona kwa jicho la pembeni ahakikishe. Kama unavuka mkondo wa Pemba usiku, nakushauri na fataki ya mkononi, ile inawaka dakika nzima, ishike upande wa demani, kule upepo unakoelekea, isije ikakumwagia cheche ndani ya boti yenye petroli. Ukiwa nacho zaidi chukua na roketi ya mwavuli, inapanda mita 300 na kuning'inia sekunde 40. Visiwa hivi havihitaji kuhadithiwa kwa nini, usiku wa 10 Septemba 2011 ilipozama MV Spice Islander tunaukumbuka wote.

Na fataki usiziweke kwenye boksi la spana karibu na injini. Joto na chumvi ndo vinaziua. Dumu lenye mdomo mpana, kifuniko cha kukaza, mahali ambapo hata baharia mgeni ataliona gizani.

Nahodha wangu kanunua risasi tatu mpya, kalalamika mpaka mlangoni, punguzo sikumpa. Zile mbili kongwe kaniomba nimrejeshee ati watoto wakazichezee Idi. Ziko hapa kabatini, sijampa na sitampa.