Wito wa Harambee: Hadubini za Wanafunzi Wetu wa Udaktari

Ndugu wahitimu wenzetu, wazazi na marafiki wa chuo,

Salaam kutoka maabara ya mikrobiolojia. Tunaomba mtuchangie hadubini, na sababu tunaisema bila kuzunguka.

Mwanafunzi anapopaka slaidi rangi kwa njia ya Gram, yaani ya kutofautisha makundi mawili ya bakteria kwa rangi, huanza na rangi ya zambarau, kisha iodini, anasuuza kwa spiriti, anamalizia na safranini, rangi nyekundu. Mtego uko kwenye spiriti. Ikikaa sekunde chache zaidi, bakteria waliotakiwa kubaki zambarau wanageuka wekundu, na mgonjwa anaweza kuandikiwa dawa isiyo yake. Hilo halifundishiki kwa picha ya ukutani. Lazima mtu aharibu slaidi yake, aione, airudie. Kwa sasa wanapanga foleni nyuma ya hadubini moja, na kipindi kikiisha walio nyuma wanaondoka bila kuchungulia.

Nyingine zipo kabatini, ila joto na unyevu wa Dar vimeziotesha ukungu ndani ya lenzi. Yaani fangasi tunaowafundisha wamehamia kwenye chombo cha kuwatazamia! Tumecheka, lakini fundi alipotuambia lenzi zimeliwa, kicheko kiliisha.

Somo la kinga ya mwili halina gharama kubwa. Vichupa vya kupimia makundi ya damu, friji ya kuvihifadhia, basi. Tone la damu likishikana vidonge vidonge juu ya kigae cheupe, aliyekuwa akikariri kingamwili (askari wa mwili) na antijeni (alama wanazozishika) anaelewa palepale.

Jiji hili si geni kwa kazi hii. Robert Koch, aliyetangaza bakteria wa kifua kikuu mwaka 1882, alichunguza malaria hapahapa Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898. Na kipindupindu cha 2015 wengi wenu mnakikumbuka. Daktari asiyejua kusoma majibu ya maabara hugawa antibayotiki kwa kubahatisha, na usugu wa dawa tunaulipia sote.

Lengo letu ni shilingi milioni 20. Mwenye elfu tano alete, mwenye ahadi aiandike, na kila mmoja adai risiti kwa mweka hazina wa kamati.

Anayetaka kutoa kifaa badala ya fedha, tafadhali kiwe hadubini yenye lenzi ya mafuta ya kukuza mara 100. Za kuchezea watoto hazitufai. Na vile vipakiti vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu msivitupe. Tutavikausha kwenye oveni na kuviweka kabatini vinyonye unyevu.