Kwa mdogo wangu aliyejenga tena bondeni

Mdogo wangu,

Nimesikia umepaua. Aliyeniambia hakukusudia kukuchongea, alikuwa anasifia tu bati zako zinavyong'aa ukizitazama toka barabarani. Nikamuuliza umejenga wapi. Akacheka. "Palepale." Palepale Muhoro, bonde la Rufiji, mafuriko ya 2024 yalipotubebea nyumba. Nilikaa na simu mkononi hadi chai ikapoa.

Hatujaongea tangu arobaini ya mama. Simu zangu hupokei, na kwenye grupu la familia ulijitoa. Kwa hiyo naandika hapa, ambapo najua mkeo husoma. Wifi, msomee, na pale pabaya usiparuke.

Tuanze na lile ulilolisema mbele ya wazee: "Kuna mtu alijua maji yanakuja, akanyamaza." Jina hukutaja, lakini jamvi zima liligeuka kunitazama, hata mashangazi waliokuwa wanapakua.

Ni kweli nilinyamaza. Sasa nisikilize.

Vuli ya 2023, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilipotangaza El Nino, ni nani aliyehangaika? Nilikupigia kila siku. Nilituma hela ya kirikuu, mkamhamishia mama Ikwiriri na kinu chake na kuku wake. Alikaa kule Oktoba, Novemba, Desemba. Mahindi ya vuli hakupanda. Mbuzi wawili walipotea kwa sababu hakukuwa na mtu wa kuwaangalia. Na maji? Kwa mama hayakufika hata kwenye mgomba wa choo. Januari akarudi nyumbani kanuna, na wewe ukanipachika jina. Mama El Nino. "Mama El Nino, leo tufunge madirisha?" Watoto wako wakalishika. Hata mama alicheka, na mimi nilicheka, lakini liliniuma, na hilo sikuwahi kukwambia.

Ile El Nino haikuwa uongo. Desemba 3 mwaka huohuo, Katesh, chini ya Mlima Hanang, tope lilishuka likaua watu zaidi ya 80. Mvua zilizosemwa zilikuja, zikapiga hodi mlango mwingine. Utabiri unakwambia mvua zitazidi. Haukwambii nyumba ya nani.

Basi ikaja masika ya 2024. Tahadhari niliziona kwenye simu, nikazisoma zote. Nikafungua jina lako, nikaandika, "Msogezeni mama", nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Nikajisemea wakipatwa watasogea wenyewe, mama ana kijiti chake.

Maana mama alikuwa na utabiri wake, na wewe ulikuwa unauamini kuliko wangu. Jioni anachomeka kijiti ukingoni mwa maji, alfajiri anakwenda kukitazama. Maji yakipita kijiti kwa vidole viwili, hakuna neno. Yakipita kwa shubiri, tunafunga virago. Alikulia humo. Kwa mwaka wa kawaida kijiti kinatosha, kwa sababu mto unapanda polepole kama mtu mwenye adabu. Ila mvua iliyotuzamisha haikunyesha Muhoro. Ilinyesha Njombe, Iringa, Kilombero, ikateremka kwa Ruaha Mkuu, kwa Kilombero na kwa Luwegu hadi ikawa Rufiji moja. Ndiyo maana siku maji yanaingia uani kwako jua lilikuwa linawaka. Wewe mwenyewe uliniambia ulikuwa umeanika mpunga. (Mambo ya Bwawa la Nyerere huko juu ya mto na milango yake siyaingii, wapo wanaobishana hadi leo, na mama hakuyaingia.) Usiku ule kijiti hakikupitwa kwa shubiri. Kilichukuliwa chote.

Kwa hiyo tulionyamaza tulikuwa wawili, mimi na kijiti. Mbona kijiti hujakisema mbele ya wazee?

Samahani. Hilo halikuwa la kuandika hadharani. Nimelifikiria nilifute, nimeliacha.

Sasa langu, lile lisilotoka. Kumi la mwisho la Ramadhani. Nilipanda basi Mbagala alfajiri, nikavuka Daraja la Mkapa na kuona mto hauna kingo, miti imesimama majini hadi shingoni. Nilishuka nikakaa pembeni mwa barabara pamoja na watu wengine waliokuwa wanasubiri ndugu zao. Mitumbwi ilikuwa inatokea katikati ya mashamba, huko tulikokuwa tunakimbiza ndege kwenye mpunga. Mtu mmoja alisema kuna kiboko kaonekana nyuma ya msikiti, na hakuna aliyeshangaa. Nilisubiri tangu saa nne. Saa kumi na moja nikakuona, umesimama nyuma na upondo, shati limekugandia. Mama alikuwa katikati, amekalia kinu kilichopinduliwa, kuku mmoja kamfungia kwenye kanga, mkononi kashika chupa. Alikuwa bado amefunga. Aliniona kabla yako, akapunga mkono kama vile anatoka harusini.

Mtumbwi ukagusa lami. Niliingia majini na viatu. Nilikuwa nimeshaandaa la kusema, nilitaka kusema pole, nimekosa. Wewe ukamshika mama kwapani, ukanipa, na mbele ya watu wote wale ukasema: "Haya, chukua. Mpeleke kwenye utabiri wako."

Kuna mtu alicheka. Sijui nani, sikutaka kujua.

Najua ulikuwa hujalala siku mbili. Najua ulirudi tena kwa ajili ya mzee wa jirani, na ulirudi tena usiku na tochi ya simu. Nawaambia watu wote wanaosoma hapa: huyu mdogo wangu alitoa watu majini kwa mikono yake, na hakuna aliyemlipa. Lakini lile neno uliniwekea mama mikononi pamoja nalo, na mimi nimewabeba wote wawili hadi Mbagala.

Unajua mama aliniambia nini ndani ya basi? Tumefuturu tende na maji, yeye anachungulia dirishani gizani. "Mwaka huu mlau utakubali." Mlau, kile kilimo cha kwenye tope la mafuriko. Nyumba imekwenda, yeye anahesabu tope litakaloachwa maji yakishuka. Aprili 25 Waziri Mkuu alisoma bungeni waliokufa nchi nzima kwa mvua zile, watu 155. Mama alisikiliza kwenye redio, akawaombea, kisha akauliza kama maji yameanza kushuka.

Halafu kikaja kimbunga Hidaya. Boti za Zanzibar zimesimamishwa, mimi nimejaza ndoo, nimefunga bati kwa waya, nimewahamishia wote chumba cha katikati. Safari hii sikunyamaza, nilipiga kelele mtaa mzima. Mei 4 kikafika Mafia, kikalegea. Mbagala tuliamka na majani ya mwembe uani. Mama akakunja mkeka wake taratibu. "Huyu naye kapita kwa jirani." Na kweli, siku zilezile barabara ya kusini ilikatika Somanga, malori yakapanga foleni na mizigo inaoza.

Juni alianza kuniomba nimrudishe. "Nikaone tope tu." Nilikataa. Wewe unasema nilimfungia. Ulitaka nimpeleke wapi? Mlikuwa mnalala kwenye hema, yeye presha imepanda, mamba wamebaki kwenye madimbwi. Nilifanya ambacho mtoto yeyote angefanya. Nilimwambia subiri Agosti. Julai akafa, kitandani kwangu, pakavu. Nilijivunia hilo neno, pakavu. Nilikutamkia kwenye simu nikidhani litakufariji.

Sasa bati. Sikuzuii kulima bonde, nani ataliacha? Baada ya mafuriko ya 1968 serikali iliwahamishia watu huko juu, mama alikuwa mwali, alitusimulia mara ngapi? Walihama, lakini msimu ukifika walivuka na mbegu zao, wakajenga dungu shambani, kibanda cha kufukuzia ndege na nguruwe. Dungu, mdogo wangu, si nyumba ya matofali na watoto watatu ndani. Lima chini, lala juu. Nilishakwambia nitachangia kiwanja huko juu, na ahadi ipo, hata kama unaona nanunua msamaha. Labda nanunua.

Utabiri wa msimu huu nimeusoma. Safari hii nakwambia na mapema, tena mbele ya watu, ili kusiwe na maneno: sogea. Yasipokuja maji niite Mama El Nino mpaka nizeeke.

Kuna jambo moja nimelizungusha tangu mwanzo wa barua hii. Siku ya arobaini uliniuliza iko wapi ile chupa ya mama, ile aliyoshuka nayo mtumbwini. Nilikwambia sijaiona, huenda ilipotea kwenye basi. Ninayo. Ipo juu ya kabati, mbegu za mahindi na choroko kwenye majivu, na kizibo amekiziba kwa kitambaa chake cha kijani. Nilijua ukizipata utapanda palepale, na ukipanda utajenga palepale. Umejenga bila mbegu.

Sijui kama bado zitaota. Kwenye basi sizitumi. Njoo uzichukue mwenyewe.