Barua ya wazi kwa Mheshimiwa mwenye dhamana ya barabara: tuondolee gari za mchanga njia ya Kidichi

Mheshimiwa,

Assalaam alaykum. Uniwie radhi kwa kukuandikia hadharani. Barua zetu za kwanza tulizipitisha kwa sheha kama utaratibu unavyotaka, zikapigwa muhuri wa kupokelewa, na tangu hapo hatujasikia neno. Juma lililopita jirani yangu, mzee anayepeleka maziwa mjini kila alfajiri kwa baskeli, aliangushwa na gari la mchanga kwenye kona ya mteremko. Mtulinga umevunjika. Madumu yote mawili yalipasuka, na maziwa yakamwagika mtaroni. Gari halikusimama. Baada ya hapo siwezi tena kukaa nikisubiri majibu ya muhuri.

Mimi ni fundi baskeli. Banda langu liko kando ya njia inayotoka Bububu kupanda Kidichi hadi Kizimbani, na kazi ikipungua bandani huongoza wageni wanaotaka kuiona Unguja ya mashamba kwa mwendo wa baskeli. Njia hii naijua shimo kwa shimo. Nimezaliwa juu yake. Bibi yangu alipata eka tatu zake hapa baada ya Mapinduzi ya 1964, na mikarafuu michache aliyoikuta shambani bado inatulisha.

Mheshimiwa, hii si njia ya kupita tu. Ni karne mbili za historia yetu zilizolala kwenye mwendo wa asubuhi moja. Mgeni akianza na magofu ya Maruhubi, kasri la Sultani Seyyid Barghash lililoungua mwaka 1899, halafu akapita Mtoni, ambako Sultani Seyyid Said alikaa na ambako binti yake, Bibi Salme, alizaliwa mwaka 1844, anakunja kulia Bububu na kuanza kupanda. Kelele za mjini zinabaki nyuma. Miembe inakutana juu ya kichwa. Kushoto mifenesi, kulia mishokishoki, na msimu wa kuanika unasikia harufu ya karafuu kabla hujaliona jamvi. Juu ya mwinuko ipo hamamu ya Kidichi, nyumba ya kuogea aliyoijenga Seyyid Said mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, Shahrazad, mjukuu wa Shah wa Uajemi. Ndani, kutani, bado zipo nakshi za chokaa zilizochongwa kwa mtindo wa kwao. Ukiendelea mbele kidogo unafika Kizimbani, kwenye mashamba ya Saleh bin Haramil, yule aliyeleta miche ya mikarafuu mwanzoni mwa karne ya 19. Karafuu iliyoitajirisha Zanzibar ilianzia huko, na iliyowafanya watu wengi kuletwa utumwani kuja kuichuma ni hiyo hiyo. Wageni ninawaeleza yote mawili, maana mikarafuu haikujichuma yenyewe. Ninawaeleza pia tufani ya mwaka 1872, ilivyoing'oa mikarafuu ya Unguja na kuiacha Pemba ishike usukani wa zao hilo mpaka leo.

Mambo haya hayaelezeki dirishani mwa gari. Yanataka mtu asimame, ashuke, aguse gome la mdalasini, aamkiane na bibi anayepepeta karafuu kibarazani. Yanataka njia iliyotulia.

Na wewe unalijua hilo, Mheshimiwa, kwa sababu ulikuja. Tarehe 3 Juni mwaka jana, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitangaza mwaka 2018 kuwa Siku ya Baskeli Duniani, ulipanda nasi kutoka Bububu hadi kwenye hamamu. Nilikuwa nyuma yako. Mnyororo wako ulipochomoka pale kwenye mwinuko, mimi ndiye niliyeurudisha, ukaniuliza jina langu na ukanipa mkono wenye grisi. Kule juu uliwaambia vijana wajiajiri kwa utalii wa mashamba, na uliahidi mambo matatu mbele ya sheha, walimu wa skuli na wazee: gari kubwa hazitapita tena njia hii, kingo za lami zitajazwa kifusi kabla ya vuli, na mwendo utawekewa kikomo. Vijana walikuamini. Wawili kati yao wamekopa pesa wakanunua baskeli za kukodisha. Vuli imepita. Hakuna toroli moja la kifusi lililomwagwa.

Naomba nikueleze kile ninachokiona bandani, kwa sababu nadhani huko uliko hakionekani. Zamani rimu zilizoletwa kwangu zilikuwa zimechoka kwa umri. Siku hizi zinaletwa rimu za mbele, zimepinda upande mmoja, spoki zimekatika pale pale, na mwenye baskeli ana mchubuko kiwikoni. Chanzo ni kimoja. Gari zilizoshiba mchanga zimeutafuna ukingo wa lami, na sasa kati ya lami na ardhi kuna ngazi ya karibu shubiri nzima. Mpanda baskeli anasikia honi nyuma yake. Ana mkungu wa ndizi kwenye keria, au madumu ya maziwa, au mtoto. Baskeli yenye mzigo haipindi kwa ghafla. Akibaki kwenye lami gari linampitia ubavuni, na upepo wake unamvuta kuelekea kwenye matairi ya nyuma. Akishuka, gurudumu la mbele linadumbukia, rimu inapinda, naye anaruka juu ya usukani. Mzee wetu wa maziwa alichagua kushuka. Madaktari wanasema alichagua vyema.

Kwa nini gari hizi zinapita huku na barabara kuu ipo? Hatujaambiwa. Tunavyodhani sisi, madereva wanakimbia foleni na ukaguzi wa barabara kuu, na malipo yao ni kwa safari, kwa hiyo kila dakika wanayookoa ni shilingi mfukoni. Ugomvi na madereva sina. Wao ni vijana kama sisi, na mchanga unahitajika, maana watu wanajenga. Lakini njia iliyotengenezwa kwa gari ndogo, daladala na gari za ng'ombe haiwezi kubeba mizigo ile, na haihitaji mhandisi kuona hivyo. Mtu akisimama kwenye kona mchana mmoja, miguu yake itamwambia ardhi inavyotetemeka. Hofu yangu nyingine ni hamamu. Nakshi zile ni chokaa tu, na zimeshapita miaka 170. Kila ninapoingia na wageni hutazama sakafuni kama kuna unga mpya chini ya kuta.

Mimi mwenyewe sasa nalipia gharama ya ahadi ile. Mwezi uliopita familia ya wageni, mama na watoto wawili, walifika nusu ya mwinuko. Gari mbili zikapita zikifuatana, vumbi likatufunika, mtoto mdogo akaanza kulia. Mama aliniambia kwa adabu kwamba wanarudi. Niliwarudishia pesa zao zote, kwa sababu kuwaambia wakaze moyo nisingeweza, ningekuwa muongo. Tangu hapo ninawaongoza watu wazima peke yao, tena alfajiri. Mke wangu amemkataza binti yetu kwenda skuli kwa baskeli niliyomtengenezea kwa mikono yangu. Anatembea, na kutembea kwenyewe ni juu ya ukingo ule ule. Kila asubuhi ninasimama mlangoni mwa banda mpaka nione sare yake imepita kona. Kazi hainiendi kabla ya hapo.

Niliposoma kwamba mawaziri wa nchi mbalimbali walikutana Stockholm Februari 2020 wakakubaliana kuwa palipo na waendao kwa miguu, baskeli na magari pamoja mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa, nilifikiri jambo hili lingekuwa jepesi kwetu. Bango moja tu na askari mmoja. Sasa nimejifunza kutokuomba mengi.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, kati ya yale matatu uliyoahidi, mawili nayaweka pembeni. Kifusi tutajaza wenyewe. Wazee wameshakubali, vijana watachimba, na gari za ng'ombe za kubebea tunazo. Mabango ya mwendo yatakuja siku yatakapokuja. Ninakuomba moja: vyuma viwili. Kimoja pale njia inapoachana na barabara kuu Bububu, kingine upande wa Kizimbani. Nguzo mbili na chuma kilicholala juu yake, kwa kimo ambacho daladala inapita na gari la mchanga halipiti. Kiwe na bawaba na kufuli, ufunguo ukae kwa sheha, ili gari la zimamoto au la kuchukulia karafuu likija lifunguliwe. Mafundi wa kuchomelea wapo hapa hapa. Tukipewa kibali tutachangishana, na chuma tutakinunua sisi. Kibali ndicho tusichoweza kujipa.

Usituundie kamati, tafadhali. Kamati ilishakuja, ikapiga picha, ikanywa madafu. Usitutumie pia mtu wa kutuambia kwamba suala linafanyiwa kazi. Mzee wetu amelala na mkono kifuani, na maziwa ya ng'ombe wake yanapelekwa mjini na mjukuu wake wa miaka kumi na tano, kwa njia hiyo hiyo, giza hilo hilo la alfajiri, na gari zile zile nyuma yake. Kijana huyo alikuja bandani jana kutaka nimfungie taa ya nyuma. Nimemfungia mbili.

Masika hayako mbali. Mvua ikianza, mtaro utakula kilichobaki cha ukingo, na baskeli zote zitapanda katikati ya barabara, mbele ya gari hizo. Naomba kibali cha vyuma viwili, chenye saini yako na tarehe, kabla mvua haijaanza. Nitakuja kukifuata mwenyewe ofisini kwako Jumatatu asubuhi, kwa baskeli, pamoja na sheha na kila mzee atakayeweza kusimama foleni.

Wako katika kusubiri,
Fundi baskeli, mkaazi wa Kidichi, Unguja